Akiba Huoza

Husemwa akiba haiozi.
Aliyesema hakuwa karani wa wodi ya wazazi
hapa Kadutu, ambapo hata ukuta hutoka jasho mwezi wa nne.
Mahindi yakioza utayajua kwa pua.
Diski huoza ikiwa imenyamaza,
taa yake ya bluu ikikukonyeza.

Miezi kumi na minne, kila Ijumaa saa tisa,
nilichomeka flashi, nikaburuta faili la watoto,
nikachomoa, nikaifunga kwenye kona ya kitenge.
Daktari Mugisho akiuliza, "Umehifadhi?"
nilipapasa fundo kiunoni.
"Nimehifadhi."
Wala sikusema uongo. Nilijua nilichojua.

Halafu usiku mmoja SNEL walirudisha umeme baada ya siku tatu,
nao ukarudi kama mume aliyefukuzwa baa,
ukapiga teke kila kitu kilichoachwa kimewashwa.
Asubuhi kompyuta ilinuka mpira ulioungua.
Sikuogopa. Nilifungua fundo.

Zihalirwa wa Nyawera, fundi mwenye miwani ya sikio moja la waya,
aliitazama flashi yangu, akanitazama mimi, akairudia flashi.
"Mama Nsimire, unaona haka kamushale kadogo, hapa kwa pembe?"
Nilikaona. Nilikuwa nimekaona miezi kumi na minne.
"Kanaonyesha njia tu. Batoto benyewe habamo."

Nilikuwa nimebeba kiunoni
kidole kinachoelekeza nyumba,
nikakiita nyumba.

Watoto mia sita na kumi na mmoja.
Tuliwatafuta katika daftari la kijani la mkunga Cibalonza,
mwandiko wake ukikimbia kama mtu aliyeitwa chumba cha pili.
Panya walikuwa wamekula Februari.
Arobaini na watatu hatukuwapata.
Baba wa mmoja wao alikuja, mchimbaji kutoka Kamituga,
alitaka saa ya kuzaliwa, "saa tu, Mama,"
nami nikampa kiti.

Sasa nachagua kama anayechagua mkwe.
Sokoni wanauza terabaiti mbili kwa dola nane;
Zihalirwa alicheka mpaka akavua miwani:
"Hii ni kibiriti tu, mutu aliiandika ghala."
Tulinunua diski mbili, za makampuni tofauti,
maana ndugu wa tumbo moja huugua ugonjwa mmoja.
Ya kwanza inalala kabatini, juu ya vile vifuko
vya kunyonya unyevu, nilivyookota kwenye maboksi ya viatu.
Ya pili hupanda Bagira kila Ijumaa, kwa dada yangu Namwezi:
mlima mwingine, paa lingine, waya mwingine wa umeme.
Moto ukizitaka zote mbili, itabidi ukodi pikipiki.
Nakala ya tatu huondoka usiku, kwa mtandao,
saa ambayo megabaiti ni rahisi na mji umelala,
imefungwa kwa neno ambalo sitalitia humu.

Namwezi aliuliza kazi hii itakwisha lini.
Nikamuuliza yeye kufua kutakwisha lini.

Lakini yote hayo ni fundo la kitenge tu
usipolifungua.
Jumatatu ya kwanza ya mwezi namwita Chubaka, mlinzi wa lango,
asiyejua wodi wala kompyuta,
namwambia: taja namba yoyote.
Safari hii alisema mia nne na saba.
Nikachukua diski iliyoshuka kutoka Bagira na vumbi lake,
nikasubiri iamke, izunguke, ikohoe kidogo,
mkono wangu, bila kuagizwa, ukipapasa kiuno kisicho na fundo.

Saa tisa na dakika kumi usiku. Msichana.
Gramu elfu mbili mia nane na hamsini.
Mvua. Umeme hakuna, koroboi.
Alilia kabla hatujamgusa.

"Yuko?" Chubaka akauliza, mguu mmoja tayari mlangoni.

"Yuko."