Thumuni ya Ngome

Mgeni alitandaza ukoo wake juu ya mkeka wetu, Mingoyo,
karatasi ndefu kuliko mlango.
Pembe moja tuliibana kwa kopo la korosho,
ya pili kwa kandambili ya mjomba Nnunduma,
ya tatu kwa taa ya chemni isiyo na mafuta.
Ya nne ilijikunja kila mara,
bibi Somoe akaiwekea kisigino.

Hapa, akasema, akishuka na kidole:
Konradi fon Remsteti. Ngome, msitu, vinu viwili.
Akazaa wawili, wakaipasua ngome.
Wa juu akachukua mnara, wa chini akachukua kisima,
na kwa miaka arobaini wa juu alinunua maji kwa ndugu yake,
wa chini akilipa kodi ya kivuli.
Wa juu akazaa watano.
Ukumbi ukapigwa ukuta katikati ya meko:
moto mmoja, mioshi miwili,
vizazi vitatu mahakamani juu ya nani azoe majivu.
Robo ya mnara. Thumuni ya daraja.
Thumuni ya thumuni ya haki ya kuvua samaki Ijumaa.
Mmoja, Wilhelmina, alirithi ngazi,
ngazi tu, si vyumba inakopanda.

Mjomba alicheka hadi akakohoa.
Mimi sikucheka. Wiki ile ile
kaka zangu walikuwa wamepaka rangi nyekundu
mikorosho kumi na tisa ya marehemu mama;
shehe akimkatia bibi sudusi yake,
wajomba wakisema mali hurudi tumboni ilikotoka,
na baraza la kata likitaka kwanza
stakabadhi za chama cha msingi.

Kidole kikafika chini, ukingoni kabisa.
Albrekti, kitinda mimba. Alipewa jina
na fungu la kinu ambacho mto wake ulikwisha hama.
Akaliuza, akapanda meli, akapanda mkonge Lindi.
Mbele ya jina lake msalaba mdogo
na maneno mawili. Mkalimani, kijana wa misheni ya Nyangao,
aliyasoma polepole, kama anayeomba radhi:
Bila kizazi.

Bibi akanyanyua kisigino.
Karatasi ikajikunja yenyewe, pembe ile, hadi kwa Wilhelmina.
"Bila kizazi. Mimi basi nilizaliwa na mkonge?"
Na macho yake, rangi ya majivu yale ya kesi,
hayakumwacha mgeni avae tena miwani.

Akatoa kalamu. Akauliza mwaka.
"Mwaka Bwana Remu alipokojoa damu.
Mama alimpikia uji, akamzika,
akarudi kwao Rondo, kijiji cha Mnara, nami tumboni.
Mnara mzima, baba. Haukukatwa robo."

"Usimwandike," mjomba akadakia.
"Kwetu mtoto ni wa mama. Aliyepotelewa ni huyo wenu.
Ukimwandika hapo, kesho mtatudai ngazi."

Kalamu ilitafuta mahali. Chini ya Albrekti
hapakuwa na karatasi, palikuwa na mkeka.
Sikuona kama aliandika. Niliitwa nje,
kaka mkubwa amekuja na kamba.

Ilikuwa ya mkonge, ya zamani, ya shambani kwa Bwana Remu,
ngumu, inachoma viganja.
Tuliivuta kutoka mkorosho hadi mkorosho, tukihesabu, tukigombana,
bibi akishika ncha moja, hataki kupokewa.
Wa kumi na tisa haukufikiwa.
Kaka akasema tuunge kamba.
Bibi akasema, "Huo uacheni,"
akaanza kuikunja kwenye kiwiko, taratibu,
na sisi wote bado tumeishika.