Mshono wa Siku ya Tatu

Maji ya bomba hapa Upanga nayalaza siku mbili kwenye pipa
klorini itoke, ndipo niwape.
Samaki milia hawana shukrani wala lawama.
Taa ikiwaka alfajiri wanataga, basi,
nami naokota mayai kwa mrija, moja moja,
kama anayechambua mchele wa arusi ya mwenzie.

Kesho yake: jicho, mkia,
moyo unaodunda kabla haujajua unamdundia nani.
Mwili mzima kioo.
Chini ya hadubini naiona damu ikipita chembe kwa chembe
na ubongo umekaa wazi
kama duka la Kariakoo ambalo mwenyewe kaenda kuswali.

Siku ya pili namdunga rangi nyekundu
kwa sindano nyembamba kuliko unywele wa kichanga.
Rangi inafika kichwani, inamwagika
ovyo,
kama Msimbazi ulivyomwagika mwezi wa nne:
haukuuliza mlango ni wa nani,
ukaingia kwa mama, Kigogo, ukalala kitandani,
ukaondoka na majora matatu ya vitenge
na mkanda wa cherehani.

Siku ya tatu, ngoja uone.

Seli za mshipa zinasogeleana bega kwa bega
na pembeni mwao inachomoza protini, jina lake klodini,
ile ya tano katika ukoo wenye wengi.
Hii inatoa kitanzi, ya jirani inatoa kitanzi,
vinakutana katikati, vinabana.
Hakuna uzi.
Namdunga mwingine. Rangi inapita kichwani
imenyooka ndani ya mshipa wake,
inafuata kona zote, haitoki.

Nilimwonyesha mama picha kwenye simu.
Akavaa miwani, akaikuza kwa vidole viwili.
"Mshono huu kashona nani?"
Hakuna fundi, mama. Unajishona.
Akacheka kishonaji, pini mdomoni:
"Na usipokuwa na fundi,
ukibana mno anaufumua nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na Shomvi
kitanda cha kumi na moja, shingo imekakamaa,
mdudu kajipenyeza mpaka ubongoni
na dawa imejaa tele kwenye damu,
inafika ukutani, inagonga,
inarudi.
Daktari Kilasara alizungusha kalamu:
"Ukuta wake bado mgumu. Ndiyo shida yenyewe."
Usiku ule niliichukia klodini
kama mtu anavyomchukia bawabu
aliyemzuia mkunga akampitisha mwizi.

Lakini wapo samaki tuliowanyima.
Nimewaona. Kabla hata damu haijashika njia,
klodini hiyo hiyo ndiyo huyafungia maji
ndani ya vyumba vya ubongo, vikafura, vikapata nafasi.
Bila yake maji yanachuruzika,
vyumba vinabaki vimenywea
kama puto la juzi.
Niliwaandika kwenye daftari, nikawafunika,
nikaenda kunawa mikono mara mbili.

Sitaki ukuta uanguke.
Nataka ulegee upana wa punje ya dawa,
kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini,
kisha ubane tena.
Ndiyo kazi yangu yote. Nikimweleza dereva wa bajaji
huniuliza kama samaki hao wanalika.

Shomvi alitoka wodini mwezi wa saba.
Sikio la kushoto halisikii.
Tunaongea naye tukiwa upande wa kulia,
hata mezani tumebadilishana viti.

Leo umeme umekatika saa nne usiku.
Jenereta imekohoa, imekataa, imekubali.
Nimeyavika matangi mabaki ya vitenge vya mama,
vile vilivyonusurika, bado vina mstari wa tope,
joto lisishuke chini ya ishirini na nane.
Kwa taa ya simu nimemtazama wa kumi na saba.
Nimeandika: *siku ya tatu, saa sita za mwanzo. Anavuja kidogo,
upande mmoja.*
Nimevuta kiti. Bado anashona.