Ukurasa wa Sitini na Tatu

Kitabu nilikipata Memorial, chini ya lundo la suruali za baridi,
muuzaji akidhani ni cha mapishi.
Alitaka elfu nne. Nilikuwa na tatu, na nauli;
nikampa vyote, nikarudi Soweto kwa miguu.
Lugha yake siijui: herufi zake zimevaa vikofia.
Lakini picha hazidai mkalimani.

Ndege moja tu ya kivita, kurasa mia na ishirini.
Pua, mkia, kiti cha rubani kilichochanika pembeni,
ribiti zilizopangwa kama mshono wa cherehani,
kifuniko kimefungwa, kifuniko kimefunguliwa.
Aliyezipiga hakutaka ndege ipendeze.
Alitaka ijulikane.

Mchana natengeneza meno
katika chumba cha nyuma, hatua chache kutoka mnara wa saa:
nta, plasta, mota ya kusagia inayolia kama mbu mwenye madeni.
Usiku ni nta ileile, msasa uleule;
koleo inayokunja waya wa meno bandia
inakunja bomba la mafuta jembamba kama unywele.
Kopo la mtindi limekuwa bawa.
Sentimita moja mezani kwangu
ni arobaini na nane kule uwanjani.

Ukurasa wa sitini na tatu ulininyima usingizi mwezi mzima:
tundu linamolala gurudumu la mbele.
Mpigapicha alilala chali sakafuni;
ncha ya kiatu chake imeingia ukingoni.
Nyaya kumi na nne. Nilizihesabu kwa sindano.
Nikatia kumi na nne.

Ndeanasia aliniletea chai, akainama, akachungulia.
"Ukishaisimamisha, humo ndani ataona nani?"
Nikamjibu, "Na magego, nani anayaona?"
Akainywa ile chai yeye.

Alhamisi akaja sajini mstaafu Mtweve, wa Pasua,
kupimwa taya ya juu.
Nikamjaza udongo wa kupimia: dakika tatu, usiseme, usimeze.
Macho yake yakapanda rafuni.
Akanyanyuka, mpini wa chuma umemchomoza mdomoni,
akaigeuza ndege tumbo juu
kama mtu anayekagua kuku sokoni.
"Mm-mm," akasema. Kidole kikakataa.
Dakika ya pili.
Ya tatu, ambayo haikuwa na haraka.

Nilipoutoa udongo alitema, akajifuta.
"Kumi na tano. Wa hapa konani ulikuwa unakatika,
tukaufunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli.
Na hapa palivuja. Siku zote palivuja.
Nikilala chini yake na kopo, mafuta yananidondokea hapa."
Akagusa nyusi.

Nikamletea kitabu. Akafunua karatasi moja moja,
kama anayemtafuta mtu kwenye picha ya harusi.
"Hizi zimeogeshwa," akasema. "Hizi hazikuwa na kazi."
Kwenye ule wa sitini na tatu akasimama.
Hakuzitazama nyaya. Alikiona kiatu.
"Huyu alilala chali," akasema,
na kidole gumba kikabaki pale, juu ya soli.

Usiku ule nilitia waya wa kumi na tano,
na lami niliyoilainisha kwa mafuta ya taa,
tone moja, likateleza lenyewe hadi kwenye ukingo.
Pembeni ya ukurasa nikaandika kwa penseli: 15, Mtweve.
Sijui kama ni kweli.
Huenda kumbukumbu nazo huvuja.
Ila kitabu kina picha, naye ana nyusi.

Jumatatu alirudi kuchukua meno.
Akang'ata, akasaga hewa, akajitazama kwenye kioo.
Ndege ilikuwa palepale, tumbo chini, siri yake kiunoni.
Hakuigeukia.
"Yanabana," akasema, "huku nyuma, kushoto,
pale pasipoonekana."
Nikawasha mota.