Varpu Mlangoni

Nilikukuta, Varpu, ndani ya boksi la viatu vya kuteleza,
chini ya vyeti vya chanjo na picha ya darasa la saba,
umekunjwa mara nne kama barua ya mapenzi iliyokosa ujasiri.
Wanasema ya kale ni dhahabu. Wewe ni penseli,
iliyofutwa na kufutwa hadi karatasi ikatoboka
pale palipoandikwa uhai: kumi na moja, tisa, sita, tatu.
Tatu. Hapo ndipo nilipokuacha.

Karatasi yenyewe baba aliitoa kiwandani,
imekatwa upogo, haikuuzika.
Kiwanda kilishafungwa, baba hataki kukisikia.
Wewe peke yako bado uko kazini:
mwizi, daraja la nne, miaka kumi na tisa,
kamba ndefu, mishumaa miwili, kisu cha bibi,
na pembeni, kwa mwandiko wangu wa duaraduara:
HAOGOPI KITU.
Niliandika hivyo mimi,
niliyeogopa hata kumsemesha dereva wa basi.

Alhamisi ile ya Februari, mwaka themanini na tisa,
ulikuwa umeshika kitasa cha mlango wa chuma
chini ya mnara, maji magotini,
nyuma yako kitu kinapumua.
“Nafungua,” nikasema. Nikainua dadu.
Mama yake Jarkko akaita kutoka juu:
sauna imepata moto, wavulana kwanza!
Tutaendelea wiki ijayo, tukaambiana.
Wiki ijayo akina Marjut wakahamia Uswidi.
Wiki ijayo ikawa mtihani, ikawa jeshi, ikawa mimba,
ikawa mkopo wa nyumba.

Leo tumerudi Kajaani, kwenye chumba kilekile cha chini.
Nje ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Jarkko ana miwani mbili, ya mbali na ya kusomea.
Marjut yumo kwenye simu iliyoegemezwa paketi ya maziwa.
Petteri kaja na binti yake, anayetaka kujua
kwa nini shujaa wa baba hana jina, ana namba ya simu tu,
na namba ya nani.

“Aanze upya,” anasema Petteri, “daraja la kwanza.”
“Azeeke,” anasema Marjut, “kama sisi. Magoti yamuume.”
Nakataa. Varpu hajala, hajalala,
hajatoa mguu majini.
Kati ya yote niliyowahi kuyashika,
ni mkono wake tu ambao haukuachia.

“Kuna nini nyuma ya mlango?” namuuliza Jarkko.
Anafunua daftari. Anafunua tena, kutoka mwisho.
Anavua miwani zote mbili.
“Outi,” anasema, “hata siku ile sikujua.
Nilikuwa naomba mama aite.”

Marjut anacheka, simu inaanguka kifudifudi,
anaendelea kucheka mezani, sauti bila uso.
Mimi sicheki. Miaka thelathini na mitano, Varpu,
tulikusimamisha mbele ya ukurasa mtupu,
na kile kitu kikapumua mgongoni mwako
kwa subira kuliko yetu.

Binti wa Petteri ananisogezea dadu ya kijani,
pembe zimelika kama sabuni.
“Mlango unafungukia ndani au nje?”
Hatukuwahi kuuliza.

Jarkko anafikiri. Anatafuta penseli, anaichonga,
anapuliza vumbi lake.
“Nje,” anasema polepole. “Itabidi auvute.”

Maji magotini. Uhai tatu.
Nakaza vidole.