Kukopa kwa Jirani

Jumatatu niliandika ubaoni
hamsini na mbili, toa ishirini na saba.
Chaki ikakatika kwenye saba, kama kawaida yake.
Watoto sitini na watatu, madawati kumi na tisa,
na tope la Pasua, Aprili hii, limeingia na viatu
hadi chini ya ubao.

Mbili toa saba?
Haitoshiii!
Basi tufanyeje?
Kimya. Mtu akapiga chafya.
Tunakopa, nikasema. Tunabisha hodi
mlango wa kushoto, kwa Makumi,
tunaomba moja, anatupa, tunakuwa na kumi na mbili.
Nikampitisha Tano mstari wa kumkata,
juu yake nikaandika Nne, kadogo,
kama mpangaji wa darini.

Nilisema kila mtu aje na vijiti.
Wakaja na mabua, na njiti za viberiti
(nikazichukua, zikanijaa mfukoni),
na Elinami akaja na vijiti vya mishikaki vya mjomba wake,
vimeoshwa, lakini pua haidanganywi:
dawati zima likasoma hesabu kwa kunusa.
Tulifunga kumi kumi kwa kamba za mgomba.
Kukopa maana yake kufungua fungu.
Walipenda kufungua. Kufunga tena
hakuna aliyejitolea.

Jumatano mvua ilifundisha yenyewe.
Bati halina dari; nilifungua mdomo
nikaonekana samaki.
Nikawaonyesha kwa vidole, nao wakajibu kwa vidole,
viganja mia na ishirini na sita hewani,
na kwa nusu saa sikumwambia mtu anyamaze.

Ilipokatika, mkono mmoja ulibaki juu.
Aikande, sweta la dada yake, mikono imekunjwa mara tatu.
Mwalimu, Makumi atarudishiwa lini?

Wakacheka. Nami nilicheka kidogo, nikiwa nao.
Nikasema kwenye hesabu hairudishwi.
Hakucheka. Mama yake ana genge karibu na stendi ndogo,
ana daftari la jalada gumu, na kalamu imefungwa uzi
isitembee na wateja.
Akasema: Kwetu ukikopa unaandikwa.
Akakaa.

Alhamisi nilisahihisha.
Majibu yake yote kumi ni sahihi, nimeyapigia vema,
lakini pembeni, kando ya kila hesabu,
kwa penseli iliyolowekwa mate ili ikolee:
Makumi anadai 1.
Makumi anadai 1.
Na chini kabisa, amepiga mstari kwa rula:
Jumla anadai 10. Bado.

Kalamu yangu nyekundu ilisimama hapo.
Sikuona kosa. Sikuona pa kuweka vema.

Ijumaa, jaribio. Arobaini na mmoja wamepata.
Kiwia bado anageuza: saba toa mbili, tano,
hakopi kwa mtu yeyote;
nasikia babu yake naye yuko hivyo hivyo.
Tukafagia. Vijiti tukavirudisha kwenye debe,
vingine vimefungwa, vingine basi.
Mlima ulikuwa umetoka, wote, baada ya siku tano,
na hakuna aliyeutazama kwa sababu uji ulikuwa na sukari.

Jioni niliteremka kwa njia ya mfereji
ambayo sijaipita tangu Januari,
kwa sababu inapita getini kwa Mama Ndeshi
aliyenipa elfu thelathini ya mtungi wa gesi
wakati mshahara wangu wote ulikuwa karo.
Nimekuwa nikizunguka kwa fundi baiskeli,
robo saa zaidi, jua au tope,
nikijiambia ni mazoezi ya miguu.

Mlango wa kushoto. Nikabisha hodi.
Alitoka na mikono yenye unga.
Hela sikuwa nayo.
Nilitaka tu ajue
kwamba nimeandika.