Kigingi cha Mia Mbili na Kumi na Nne

Mimi Shaweji bin Mfaume, karani wa boma la Lindi,
ndiye niliyenakili.
Kila barua nakala tatu:
moja ya Dar es Salaam, moja ya kabati, moja ya mchwa.

Reli, zilisema barua, itaanza gatini Lindi,
ifuate bonde la Lukuledi, ipite Mtama, ipite Masasi,
ikanywe maji Ziwa Nyasa.
Mdachi ana ramani, hana fedha.
Mwingereza ana fedha, hataki reli.
Mreno, ng'ambo ya Ruvuma, hana hiki wala kile,
ana hofu tu, na hofu yake
ilikuwa na muhuri mkubwa kuliko yote.

Waliandikiana kwa adabu ya watu wanaogombea mirathi
mgonjwa akiwa bado anakunywa uji.
Serikali yangu haina kipingamizi, isipokuwa.
Nikajifunza kwamba katika lugha za wakubwa
neno zito ni isipokuwa.

Huko bondeni Nantembo alibeba mnyororo
wa kupimia ardhi, pingili mia,
umetoka Ulaya ndani ya sanduku lenye kitambaa.
Kijiji cha kwanza kilipousikia unavyolia
watu waliingia porini na watoto migongoni.
Nani atawalaumu? Bonde lile lile,
mnyororo wa kwanza ulipita ukipima shingo.
Nantembo aliita mpaka koo likakauka:
"Huu ni wa ardhi! Wa ardhi huu!"
Akarudi Biti Chilumba peke yake,
kwa sababu ya mbaazi alizoziacha motoni.

Akakuta kigingi, namba 214, kimechomwa
juu ya mwanawe wa mwaka wa njaa.
Kaburi halikuwa na jiwe,
vipande vya sahani tu.
Hakulia. Hakwenda kwa akida.
Wapimaji walipolala aliking'oa,
akahesabu hatua thelathini kuelekea kusini,
akakichoma tena, akamfunga mbuzi.

Mpimaji alikagua, akakuta pindo, akaandika pindo.
Ramani ikapanda meli.
Hatua thelathini ni kitu gani? Unene wa wino.
Lakini kalamu za huko ni nene.
Mreno akauliza: mbona reli inainama upande wangu?
Mwingereza akauliza: Mreno amejua nini?
Mdachi akakana, kwa kurasa kumi na moja,
hata wote wakasadiki kwamba ipo siri.
Miezi saba. Simu juu ya simu.
Nilinakili mpaka kidole kikaota sugu.

Nami nilijua. Nantembo alinieleza dirishani
alipokuja kuchukua hela zake, akicheka, kisha hacheki.
Siku ile, pembeni mwa daftari la serikali, niliandika:

*Wenye enzi wagombana, kamba imefunga mbuzi,*
*Na nyaraka zapishana, zawasaka wachochezi,*
*Na siri humo hamna, ni uchungu wa mzazi,*
*Pingili za mnyororo, hazipimi la moyoni.*

Kisha nikalikata kwa wembe. Nina watoto.

Mwishowe walipatana. Barua ya mwisho ilikuwa tamu kama halua:
mkataba tayari, sahihi zitatiwa mwezi wa nane.
Tukaagizwa tushone bendera za sherehe.

Mwezi wa nane ulifika na jambo lake.

Reli ikaja kweli, ila ya miguu:
wapagazi, kamba ya watu kutoka Lindi kwenda bara,
risasi na unga vichwani, wakifuata vigingi
kwa kuwa njia nyingine hawakuonyeshwa.
Nantembo alikuwamo. Jina lake niliandika mwenyewe,
safu ya kushoto. Ya kulia, ya waliorudi, iko wazi.

Wanasema walipofika 214 mstari wote ulipinda,
mtu nyuma ya mtu, hatua thelathini kusini,
bila kujua kwa nini,
na hakuna aliyekanyaga sahani.
Mbuzi alikwishaliwa. Na askari wa upande gani,
hiyo hawakuniletea niinakili.