Mstari wa Sababu

Duka langu ni mashine moja ya fotokopi,
kiti cha plastiki, shuka jeupe la kupigia picha,
hatua kumi na nne kutoka ofisi ya uhamiaji ya Nong Khai.
Anayetaka kuongezewa siku hupitia kwangu kwanza:
nakala ya ukurasa wenye sura yako,
nakala ya ukurasa wenye mhuri wa kuingia,
picha moja, masikio yaonekane, usicheke.
Nao hucheka. Watalii hawajui kununa mbele ya kamera.

Fomu ile naijua kama mama ajuavyo homa ya mwanawe.
Jina. Uraia. Umefikia wapi. Ulikuja kwa chombo gani.
Kisha kuna mstari mmoja, urefu wa kidole gumba,
unaouliza: sababu ya kutaka kubaki.
Nimeona watu wazima wakitoka jasho juu ya mstari ule.
Kijana wa Kireno aliandika kurasa mbili, akabandika na ua.
Nikamwambia, mwanangu, andika "utalii".
Penzi ni utalii. Deni ulilolikimbia ni utalii.
Jino linalozibwa kwa awamu, hilo nalo utalii.
Serikali ina neno moja,
nasi tunajikunja humo kama mguu ndani ya kiatu cha kuazima.

Jumanne alikuja Drahomira, dereva mstaafu wa tramu za Brno,
mgongo wima, pasipoti ndani ya mfuko wa mkate.
Zilimbakia siku mbili.
Kalamu ikasimama kwenye mstari ule ule.
Akaniuliza kwa Kithai cha kuokoteza:
"Na kama sababu ni muuza supu ya tambi?"
"Mnapendana?"
"La. Kila asubuhi ananiuliza kama nimekula.
Basi, ni hilo tu. Ananiuliza, kisha anangoja jibu."

Kwetu hiyo ni salamu, mama. Hata mpita njia huulizwa.
Ningemwambia. Nikanyamaza, nikamwandikia: utalii.

Alirudi saa nane, uso umechanua,
akanionyesha mhuri wa wino wa zambarau:
siku thelathini. Akazihesabu kwa vidole
kama vifaranga vilivyototolewa kiganjani mwake.
Chini yake maonyo: usifanye kazi,
ukihama toa taarifa, ukipitiliza, faini kwa kila siku.
Soma vizuri, nikamwambia.
Siku haziongezeki kwa kusahauliwa.

Kisha akauliza swali ambalo wateja hawaulizi:
"Na wewe, una mtu ugenini?"

Binti yangu Kratai aliingia Korea na begi la magurudumu,
ratiba ya siku tano, tiketi ya kurudi, kofia ya jua.
Afisa wa uwanjani akamuuliza, umekuja kufanya nini?
Akasema: utalii.
Nilimfundisha mwenyewe, jikoni, jioni tisa,
mpaka neno likamkaa kinywani kama jino.
Huu ni mwaka wa sita.
Anachuma stroberi ndani ya mahema ya plastiki karibu na Nonsan,
na likipita gari lenye taa ya buluu
hujilaza kati ya matuta, matope hadi shavuni.
Huku tunawaita mizimu midogo:
tarehe zao zimekwisha, wao hawajaisha.
Tulipomchoma baba yake alitazama kwenye simu,
sauti ameizima, ngumi mdomoni,
asije mwenye chumba akasikia kilio.

Sikumweleza Drahomira hayo. Nilisema: "Mmoja."
Akalipa nakala tatu na picha, akakataa chenji.

Usiku simu huita. Naona paji la uso tu, taa hawashi.
Nina mashine inayotoa nakala ya chochote;
nimeijaribu hata kwa ukurasa alionitumia, wenye mhuri wake.
Unatoka safi. Tarehe ile ile.
Namuuliza, umekula?
Kisha nangoja.